FARASI 400, NA BADO TUNAPANDA TRENI!

Mpenzi msomaji, ukitumiwa picha ya ndugu yako wa majuu ameegemea gari la michezo, usikimbilie kumpigia simu ya mzinga. Uliza kwanza picha imepigwa mwezi gani.

Mimi niliingia Minneapolis, Marekani, Januari 2023, kumtembelea mtoto wa mama mkubwa ambaye sisi wote nyumbani tunamwita Braza. Huyu bwana alikuwa gumzo pale Magomeni. Mustang GT ya mwaka 2015, nyekundu, injini V8, nguvu za farasi zaidi ya 400! Mimi njiani kwenye ndege nilikuwa najiona nimetoa kiwiko dirishani, mtaa mzima unageuka.

Basi bwana, Braza akaja kunipokea uwanjani kwa treni.

"Gari iko wapi?" nikauliza. Akanionyesha nje ya nyumba, jirani na kituo cha Cedar-Riverside. Niliona kichuguu cheupe, juu yake kuna fimbo imefungwa kipande cha kanga. Ile kanga ni bendera, ili greda la kusukuma theluji lisije likamsaga farasi wetu. Msimu ule wa 2022/2023 ilimwagika theluji karibu inchi 90 kwa jumla, wenyeji wanauhesabu ni wa tatu tangu waanze kupima. Sasa gari lenyewe tumbo linakaribia kugusa lami, unategemea nini?

Wataalamu wa gereji watanielewa. Mustang inasukumwa na matairi ya nyuma, wakati uzito wa injini uko mbele. Halafu Braza alinunua gari lina matairi ya kiangazi, ambayo baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unakakamaa kama soli ya kiatu cha shule. Ukikanyaga mafuta, makalio ya gari yanataka kwenda kushoto, pua inataka kulia, na wewe katikati unasoma dua.

Wenyeji dawa yao ni kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Braza akaona mchanga ni hasara, akapakia mchele, magunia manne ya kilo 20. Hapo Mustang ikawa ghala. Mwanzoni ilisaidia kweli, tulifika mpaka dukani na kurudi. Lakini sisi ni vijana wanne kwenye nyumba moja na kila siku ni wali, kwa hiyo kadiri tulivyokula ndivyo gari lilivyozidi kuteleza. Kufika katikati ya mwezi tumebakiwa na gunia moja, na gari halitoki tena.

Basi tukalipa kazi nyingine. Kiti cha nyuma kikawa friza ya samaki na kuku, umeme bure. (Soda msiweke! Niliacha makopo sita, usiku yakaganda, yakapasuka, dari yote ikawa rangi ya chungwa.) Watoto wa majirani wakageuza kioo cha nyuma kuwa bembea ya kuserereka. Betri nayo Braza alikuwa anaifungua jioni na kulala nayo chumbani, maana baridi inaimaliza nguvu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kumbe mimi nalala sakafuni na betri iko kwenye zulia!

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kibanda cha simu. Braza anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kabla ya kuondoka, saa 3 usiku, ambayo Dar ni saa 12 asubuhi, anarudisha betri, anaingia kwenye Mustang, anawasha injini na hita, anampigia mama mkubwa. Anakanyaga mafuta kidogo, vruuum, ili mama asikie. "Niko barabarani, mama." Hapo gari halijasogea hata sentimita.

Siku moja nikakaa naye. Joto tamu, nje nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Usingizi ukanijia mzito. Braza naye maneno yakaanza kumlegea kwenye simu, mama anauliza, "Mwanangu, mbona kama umelewa?"

Mara mlango ukafunguliwa kwa nguvu, tukavutwa nje kama mizigo. Alikuwa jirani yetu, mzee wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, beleshi mkononi. "Nyinyi watoto, mnataka kufa?" Akatuonyesha nyuma. Greda lilikuwa limepita mchana na kurundika theluji, ekzosi yote imezikwa. Moshi ulikuwa unaturudia ndani, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, sawasawa na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa.

Nilitapika pale pale kwenye theluji. Braza alikaa chini, simu bado iko hewani, mama mkubwa anaita, "Haloo? Haloo?" Akaichukua, akasema, "Nimesimama kwenye taa, mama." Zamu yake hakwenda usiku ule.

Tangu siku hiyo simu akawa anapigia jikoni.

Siku ya kuondoka akaniomba nimpige picha ya kupeleka nyumbani. Tukafukua gari nusu saa, akavua koti, akabaki na shati la mikono mifupi, akaegemea mlango. Nikaipiga kuanzia usawa wa dirisha kwenda juu, theluji isionekane.

Sasa picha iko sebuleni Magomeni, kwenye fremu. Juzi mama mkubwa kaitazama kwa muda mrefu, akaniita.

"Huyu mbona midomo imempauka hivi? Huko anakula kweli?"

"Anakula, mama," nikamjibu. "Wali kila siku."