Kigari kutoka shimo la choo, Kongwa

Kabla ya safari hii, Kongwa niliijua kwa habari za karanga tu: ule mradi wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kutelekezwa 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Kilichonipeleka ni picha niliyotumiwa na rafiki, ya kigari cha chuma kilichofukuliwa wakati wa kuchimba shimo la choo.

Nilipanda basi Dodoma asubuhi, nikapita Chamwino na Buigiri, nikashuka Mbande na kupanda bodaboda. Kilikuwa kiangazi, na kiangazi udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama saruji. Ndio uliovunja majembe ya trekta za karanga.

Mwenye shimo, mzee wa Kigogo, alinipokea kwa "Mbukwenyi", akanikalisha chini ya mwarobaini, akaleta kopo. Ndani mlikuwa na kigari, gololi tatu na kipande cha kichupa cha wino.

Kigari kinatosha kuingia kwenye kiboksi cha kiberiti. Rangi imebanduka. Nilikigeuza, nikakipangusa kwa kidole chenye mate, maandishi yakajitokeza: kimetengenezwa Uingereza, na Lesney. Hapo hesabu ikaanza. Lesney ilianza kutoa vigari vya Matchbox mwaka 1953, mradi wa karanga ulishakufa. Lakini shule ya watoto wa Kizungu iliyoanzishwa hapa zama za mradi iliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Magurudumu nayo ni ya chuma. Kiwanda kilihamia plastiki kuelekea mwisho wa miaka hiyohiyo. Kichupa cha wino kikaongeza ushahidi: huenda mwenyewe alikuwa mwanafunzi.

Gololi hazikusema mengi. Zile za kale za Ujerumani, za kutengenezwa kwa mkono, zina kovu pale zilipokatwa kwenye ufito wa kioo. Hizi ni laini kote, yaani za mashine, na mashine hizo zilianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Zaweza kuwa za mtoto yeyote aliyekuja baadaye.

"Na ninyi, babu, mlichezea nini?"

"Ng'ombe wa udongo. Tulifinyanga machungani, pembe tukaweka miiba. Mvua ikinyesha, zizi zima linarudi kuwa tope."

Jibu hilo lilinifungua macho. Anayepima utoto wa Kongwa kwa vinavyofukuliwa ardhini atadhani waliocheza hapa ni watoto wa Kizungu peke yao, kwa kuwa chuma na kioo hudumu, na udongo mbichi haudumu.

Kigari nilikiacha koponi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, nami sikuwa nacho. Nilimwomba mzee jambo moja: mafundi wakichimba tena, wapime kina kwa kamba na waandike kitu gani kimetoka pamoja na kipi. Kisha nikafungua daftari, tukaanza na wale ng'ombe: waliwafinyanga akina nani, udongo walichota wapi, na mwaka gani.