Kwenda Polepole Si Kusimama

Mtoto akizaliwa, jamaa na majirani huanza mara kuhesabu. Ameota meno? Ameketi? Ametembea? Hesabu hiyo si mbaya, maana mtoto ni furaha ya wote. Lakini wako watoto ambao hesabu hiyo yawaonea, nao ni wale waliozaliwa na hali ya Down. Mimi ni baba wa mmoja wao, binti wa miaka 2 na miezi 10. Nataka kueleza jinsi tunavyofuata maendeleo yake nyumbani kwetu Kasulo, hapa Kolwezi, kwa kuwa huenda habari hii itawafaa wengine.

Kwanza yafaa tuijue hali yenyewe. Katika kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, zinazobeba urithi wa baba na mama. Kwa kawaida ni 46, yaani jozi 23. Mwaka 1959 madaktari watatu wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza kwamba watoto hawa wana 47. Inayozidi ni ile ya namba 21: badala ya mbili, ziko tatu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012, Umoja wa Mataifa huwakumbuka watu hawa tarehe 21 ya mwezi wa 3. Basi hali hii si laana, si uchawi, wala si adhabu kwa kosa la mama. Tena haiambukizi.

Mtoto wa namna hii ana misuli iliyolegea, na kila jambo hulifikia kwa kuchelewa. Watoto wengine hutembea karibu na mwaka mmoja, au mwaka na nusu. Hawa hutembea kati ya mwaka 1 na miaka 4, wengi wao karibu na miaka 2. Na maneno ya kwanza vilevile hukawia. Hata uzito wao huongezeka kwa mwendo wake, na ndiyo maana katika nchi nyingine madaktari wamewatengenezea kadi zao maalumu za kupimia makuzi.

Sisi watu wa Kolwezi twajua habari ya mizani. Mchimbaji apelekapo gunia lake kwa mnunuzi, jasho lake lote lategemea mizani ile. Ikiwa si ya haki, amepotewa. Vivyo hivyo mtoto akipimwa kwa kipimo cha mtoto wa jirani, kila siku ataonekana amepungukiwa. Kipimo chake cha haki ni yeye mwenyewe: jana alikuwa wapi, na leo yuko wapi?

Lakini nani akumbuka vema mambo ya jana? Kwa hiyo mimi na mama yake tulinunua daftari la kawaida, kama yale ya wanafunzi wangu. Kila Jumapili jioni twaandika tarehe, jambo jipya alilofanya, na jinsi tulivyomsaidia. Mwezi wa 13: ameketi pasipo kushikwa, baada ya majuma mengi ya kuegemezwa kwa kitenge kilichoviringishwa. Mwezi wa 16: amelala kifudifudi mkekani akainua kifua chote. Mwezi wa 19: ametambaa mpaka mlangoni kumfuata kuku.

Kisha kurasa zikawa tupu. Mwezi wa 20, hakuna jipya. Mwezi wa 21, hakuna. Mwezi wa 22, mama yake aliandika: "Analala mno. Choo kigumu. Ngozi kavu. Kuku hamfuati tena." Jirani mmoja, mtu mwema, aliniambia: "Mwalimu, usijisumbue. Watoto hao ndivyo walivyo."

Ndugu zangu, neno hilo "ndivyo walivyo" lina hatari kuliko ugonjwa. Laonekana kuwa neno la subira, lakini lafunga mlango wa matibabu. Tulimchukua mtoto pamoja na daftari mpaka kwa daktari. Alisoma kurasa zile taratibu, akaagiza damu ipimwe. Ikaonekana kwamba tezi ya shingoni haifanyi kazi yake ipasavyo, jambo litokealo mara nyingi kwa watoto hawa. Tangu siku ile anapewa kidonge kila asubuhi. Tena daktari alitutuma Lubumbashi, safari ya kilomita 300 hivi, ili moyo wake uchunguzwe, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Wake ulikuwa mzima.

Safari ile ilitaka fedha. Mkubwa mmoja wa ukoo alituuliza, tena kwa upole, kwa nini tutumie fedha nyingi kwa mtoto huyu, hali kaka zake wanadaiwa ada ya shule. Sikubishana naye, kwani ni baba kwangu. Nilimpa daftari asome mwenyewe. Alisoma kimya, mstari kwa mstari, akafika penye mwezi wa 25: "Amesimama, ameshika ndoo." Akalifunga akasema: "Kumbe huyu naye anapanda madarasa." Mwezi uliofuata alituletea fedha ya vidonge bila kuombwa.

Mwezi wa 31 binti yetu alipiga hatua nne bila kushikwa. Huku kwetu furaha hiyo ina hofu yake. Tangu mwaka 2014, mtu mmoja alipochimba uwanjani pake akakuta madini ya kobalti, mashimo yalienea Kasulo hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na wenyeji wake wakahamishwa. Basi mtoto anayejifunza kutembea hapa lazima awe na mlinzi. Kaka zake wamepeana zamu, na tumejenga ua mdogo wa matofali, ambao ukuta wake ndio fimbo yake ya kutembelea.

Maneno bado ni machache: "mama", "kuku", na "kari", yaani bukari. Kwa mengine hutumia mikono, nasi twamjibu kwa mikono na kwa maneno pamoja. Masikio yake pia yatapimwa, kwani asiyesikia vema atajifunzaje kusema?

Enyi wazazi wenye mtoto kama huyu, msimfiche siku ya kupima uzito. Ombeni moyo, tezi, masikio na macho vichunguzwe. Andikeni, hata mstari mmoja kwa juma. Kama hamjui kuandika, mwanafunzi yeyote wa nyumbani aweza kuwaandikia, na kazi hiyo itamfundisha kumtazama nduguye kwa makini. Mtoto aendaye polepole na mtoto aliyesimama hufanana machoni pa mpita njia. Ni daftari linalowatofautisha, na aliyesimama anahitaji msaada leo, si mwaka ujao.