Niombe Zishuke?

Kwenye hadubini, limfosaiti zote zinafanana: kiini kikubwa cheusi, ukingo mwembamba, basi. Huwezi kujua ipi inaongoza mapambano ya mwili na ipi inaua seli zilizoambukizwa. Tofauti iko kwenye protini za juu ya utando, ambazo jicho halizioni. Kuzitambua tunahitaji kingamwili za panya.

Mwaka 1975, kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Wakapata kingamwili za aina moja tupu, zinazoshika shabaha moja tu. Walitunukiwa Nobel mwaka 1984. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba kingamwili zinazoshika protini ya CD4 huzuia VVU kuingia kwenye seli. CD4 ndiyo mlango wa kirusi.

Mimi nilizihesabu seli hizo katika maabara ya hospitali ya wilaya. Unachukua damu kidogo kutoka chupa yenye kifuniko cha zambarau, unaongeza kingamwili zilizofungwa rangi, unaiacha gizani kama robo saa. Kisha mashine inazipitisha seli moja moja mbele ya leza na kuhesabu zinazong'aa. Jibu ni namba: seli ngapi za CD4 katika mikrolita moja ya damu.

Namba hiyo ilikuwa na mstari. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza dawa zianze CD4 zikifika 350 au chini ya hapo, hata kwa asiye na dalili. Mama mmoja alipata 368. Alinionyesha karatasi yake mlangoni.

"Mwanangu, hii ni nzuri?"

"Ni nzuri, mama. Ila dawa bado."

Akaitazama tena. "Kwa hiyo niombe zishuke?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kingamwili haikujua lolote kuhusu 350; ilishika CD4 ilipoikuta, ikaishia hapo. Isitoshe, CD4 za mtu huyohuyo huwa chini asubuhi na kupanda jioni. Mstari tuliuchora sisi, kwa ushahidi tuliokuwa nao na dawa tulizoweza kugawa.

Mwaka 2013 mstari ulipanda hadi 500. Mwaka 2015, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba kuanza mapema hupunguza magonjwa na vifo, ulifutwa: kila mwenye VVU aanze dawa.

Kipimo bado kipo. Leo mtu akikutwa na chini ya 200, mhudumu anajua atafute haraka kifua kikuu na fangasi wa ubongo. Rangi ni zilezile, leza ni ileile. Siku hizi namba ikitoka, hakuna anayeambiwa asubiri augue zaidi.