Mashujaa wa Karatasi ya Mandazi

Baba Dogo hatukuwa na duka la komiki. Spider-Man tulimjua kwa tisheti za mitumba. Lakini mama wa mandazi pale kona yetu alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, na ndani ya Taifa Leo alikuwemo Juha Kalulu. Nilikuwa nakula mandazi, naanika karatasi juani mafuta yakauke, halafu nakata katuni na kubandika kwenye daftari la hesabu. Shida ni kwamba kilo ya magazeti haifuati tarehe. Unapata mwanzo wa kisa, mwisho wake umemfungia mtu mwingine mandazi huko Lucky Summer. Kuna visa vyangu ambavyo mpaka leo sijui viliishaje.

Kalulu hana nguvu zozote. Ni mzee wa vituko tu, na pengine ndiyo maana nilimpenda, kwa sababu wazee wa plot yetu walikuwa hivyo hivyo. Edward Gitau alianza kumchora miaka ya 1950, kabla ya uhuru, akaendelea kwa zaidi ya nusu karne. Waulize vijana wenzako kama wanamjua.

Halafu ikaja Shujaaz, 2010, ya bure, ndani ya gazeti la Jumamosi na kwa vibanda vya M-Pesa. DJ Boyie, msee amemaliza shule, hana job, ameunda stesheni ya redio chumbani kwake. Na wote wanaongea Sheng! Mwalimu wetu mmoja alichukua yangu akasema itaniharibia insha. Nikaenda kibanda kingine nikachukua mbili. Watu walizitupa wiki hiyo hiyo. Kitu cha bure nani anaweka?

Daftari langu ndilo lilimfanya jirani yetu, tunamwita Guka, aanze kuniongelesha. Alikuwa amestaafu kiwandani.

“Hizo ni za watoto,” akasema. “Wewe kijana, unamjua Spear?”

Lance Spearman. Hakuchorwa, alipigwa picha. Jarida liliitwa African Film, la watu wa Drum, miaka ya 1960 kuingia ya 70: waigizaji halisi, maneno yamewekwa juu ya picha. Mpelelezi mweusi, kofia ya panama, tai ya kipepeo, ngumi haikosi. Guka alimtaja adui wake, Rabon Zollo, kama mtu aliyehama bila kumlipa deni. Alikuwa na katoni nzima ya majarida hayo.

“Yako wapi?”

“Yalienda.”

Nilitafuta kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, tao, miaka mitatu. Wengi walicheka. Mmoja, mzee pia, aliacha kuhesabu pesa akaanza kunisimulia kisa kizima cha Spear, wateja wakingoja. Jarida lenyewe hakuwa nalo.

Mwishowe nikapata kurasa kadhaa kwenye intaneti. Nilimwonyesha Guka kwa simu, akakataa hata kuishika. Alitaka karatasi. Nikaenda saiba nikachapisha zote sita. Alivaa miwani, akakaa mlangoni penye mwanga, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Alipomaliza ya sita akaigeuza nyuma, akanitazama.

“Ya saba iko wapi?”