B-die yetu

Kompyuta ya mezani ya msaada ilifika na memori mbili za G.Skill, kila moja GB 8. Tukapanga kuzigawa: moja ibaki humo, nyingine iende kwa ile mashine yetu inayoganda ukifungua dirisha la tatu. Mwenzetu mmoja, yule wa kuchokonoa kila kitu, akasoma stika: 3200, 14-14-14-34, volti 1.35. Akapiga kelele, "Jamani, hii ni B-die!"

Ni chipu ya Samsung ya DDR4. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kuiachisha. Wanaokimbiza kompyuta kupita kasi ya kiwandani bado wanaisaka, maana ile 14 ni mapigo ya kusubiri kabla memori haijajibu, na B-die ukiiongezea umeme inakubali kupunguziwa zaidi. Nyingi zinagoma.

Basi ubishi ukaanza. Tuuze, tununue nne za kawaida? Sawa, lakini pesa ziingie akaunti ya nani, na hizi karatasi zetu za ukimbizi? Tukapiga kura: nane kwa watano, haziuzwi.

Moja sasa inatembea 2400, ndiyo mwisho wa ile mashine. Mchokonozi hajatusemesha tangu Jumanne. Jana tulimkuta hapo hapo, amefungua madirisha tisa.