Kutoka Lamu Kuiona Methani

Asubuhi yangu ya kwanza London nilipanda treni ya chini ya ardhi, nikatoa salamu. Hakuna aliyeitika! Kwetu ukipanda boti ya Mokowe kimya kimya, watu watakuuliza umeudhiwa na nani. Nikakaa, mkoba magotini, mpaka Green Park.

Mkobani mlikuwa na mfano wa molekuli ya methani nilioufinyanga mwenyewe: tonge la udongo lililopakwa masizi, ndiyo kaboni, vitonge vinne vilivyopakwa chokaa, ndiyo haidrojeni, na njiti za makuti kuviunganisha. Kemia nimeifundisha hivyo miaka yote.

Nguzo za Royal Institution, taasisi ya sayansi, ni nene kushinda mnazi wowote niliowahi kuukumbatia. Ndani, nyuma ya kioo, nikakiona nilichokifuata: mipira ya croquet, mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao uwanjani. Mwanakemia August Wilhelm Hofmann aliitoboa, akaiunga kwa vijiti iwe methani, akawaonyesha watu humu humu mwaka 1865. Kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe. Rangi zile zile za darasani kwangu! Moyo ulinienda mbio.

Lakini mbona methani yake imelala bapa kama ng'onda? Yangu husimama: haidrojeni tatu zimekaa kama mafiga, ya nne iko juu penye chungu, kaboni katikati. Umbo hilo mwanakemia van 't Hoff alilieleza mwaka 1874, miaka tisa baadaye. Hofmann alijua hesabu ya mikono ya kuungana tu: kaboni minne, haidrojeni mmoja.

Mhudumu akaniruhusu kuchungulia ukumbi wa mihadhara, viti vimepandana nusu duara. Hapo ndipo mwanafizikia J. J. Thomson alipotangaza, mwaka 1897, chembe tunayoiita elektroni. Na mwaka 1916 mwanakemia Gilbert Lewis, huko Marekani, akaeleza kijiti kile cha Hofmann ni nini: elektroni mbili za shirika. Wanafunzi wangu nawaambia ni majirani wawili na sinia moja. Kila mmoja ametia chake, na kila mmoja huihesabu sinia nzima kuwa yake. Ndiyo maana hawaachani. Hiyo ndiyo bondi ya kovalenti. Haidrojeni hutosheka na sinia moja. Kaboni yataka nne, itimize elektroni nane.

Nikarudi kwenye kioo, nikatoa methani yangu. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika njiani. Nikaushikiza kwa kidole, nikaiinua: nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe.