Kidole Kabla ya Ndoo



Mwaka jana padre mlezi wetu alipohamishiwa parokiani, alituachia mti wa jamii ya mtini, wenye shina nene na kimo cha rula moja, ukiwa katika chombo cha udongo kilicho bapa kama sinia. Wajapani huuita bonsai. Tulidhani ni aina ya mti kibete. Sivyo. Ni mti wa kawaida. Udogo wake hutokana na chombo hicho, na kupunguzwa matawi na mizizi mwaka hata mwaka.

Darasani tulikuwa kumi na wawili, nasi sote tuliupenda. Mmoja aliumwagilia maji baada ya Masifu ya Asubuhi, mwingine baada ya chakula cha mchana, mwingine kabla ya Sala ya Usiku. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Baada ya wiki chache majani yakawa ya njano, yakaanza kupukutika. Tukasema una kiu, tukaongeza maji.

Mzee anayetunza bustani yetu ndiye aliyeuokoa. Aliung'oa taratibu, akatunusisha mizizi. Ilinuka kama tope la bwawa.

"Mafrateri, huu haufi kwa kiu," alisema. "Mmeuzamisha."

Alikata mizizi yote myeusi iliyooza, akaupanda upya katika kokoto ndogo, mchanga wa mto na udongo kidogo, akahakikisha matundu ya chini hayajaziba. Kisha akatupa kanuni moja: chomeka kidole kwanza. Udongo ukiwa bado na unyevu, uache. Ukianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Usifuate saa, ufuate mti.

Kanuni hiyo ilituchoma. Siku zile zile mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mama yake. Sote kumi na mmoja tulipita chumbani kwake, kila mmoja na mstari wake wa Biblia na ushauri wake. Alipoanza kujifungia, tulizidisha maneno. Hakuna aliyemwuliza anahitaji nini.

Baada ya somo la mzee, wawili wetu walikwenda kuketi naye barazani, kimya. Jioni ya tatu alianza mwenyewe kutusimulia habari za mama yake.

Katika Injili ya Luka sura ya 13, mtunza shamba anaombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Hakuahidi matunda, aliahidi kuupalilia na kuutilia mbolea. Alikuwa tayari kuinama mpaka kwenye mizizi.

Huko Washington, Marekani, upo msonobari mdogo uliotunzwa hivyo tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 katika bustani ya familia ya Yamaki, ukatolewa zawadi mwaka 1976. Waliouanza hawapo tena. Kila kizazi kiliupokea na kuukabidhi kwa kingine.

Mti wetu sasa una majani saba mapya. Tukimaliza masomo tutawaachia wadogo zetu, pamoja na kanuni ya mzee. Huko parokiani tutakakotumwa, tutawakuta watu ambao majani yao yamekuwa ya njano. Tuombeeni tukumbuke kutanguliza kidole kabla ya ndoo.